Zimwi Darasani: Kufundisha Watoto Kiswahili kwa Hadithi za Kutisha Makebuko

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya mwezi wa Oktoba, walimu wengi wa Kihispania nchini Marekani huyabadili madarasa yao. Ukutani hubandikwa popo wa karatasi nyeusi, mezani huwekwa boga lililochongwa macho na meno, na watoto wa miaka saba au minane huhesabu mafuvu ya karatasi kuanzia moja hadi kumi kwa Kihispania. Wana sababu mbili. Kwanza, Halloween, yaani mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, huangukia tarehe 31 Oktoba na watoto wa huko huipenda mno. Pili, tarehe 1 na 2 Novemba Wamexico huadhimisha Día de Muertos, siku ya kuwakumbuka marehemu wao kwa maua, mikate, mishumaa na mafuvu ya sukari, sikukuu ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hivyo mwalimu wa Kihispania hupata kwa mkupuo mmoja msamiati, mchezo na utamaduni wa wenye lugha.

Makala haya yanauliza kama mwalimu wa Kiswahili wa Makebuko anaweza kufanya jambo la namna hiyo, katika majuma hayo hayo. Tarehe 1 Novemba ni siku ya mapumziko nchini Burundi pia. Muhula wa kwanza unakuwa umeshika kasi, mvua zimeanza, na saa za mchana wingu likitanda darasa lisilo na umeme huwa nusu giza. Mazingira ya kutisha hayahitaji kununuliwa. Jibu letu ni ndiyo, inawezekana, ila si kwa mafuvu wala kwa maboga. Tutaeleza kwa nini, kisha tutaeleza tunachotumia badala yake.

Kwanza tuseme habari ya mahali penyewe. Makebuko iko kusini-mashariki mwa mji wa Gitega, katika vilima vya migomba, maharage na mihogo. Mtoto wa huko huzaliwa katika Kirundi, hucheza kwa Kirundi na huota kwa Kirundi. Shuleni hukutana na Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, lugha tatu za kigeni kwa mtoto ambaye bado anajifunza kushika kalamu. Kiswahili kilipata nguvu katika shule zetu za msingi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini kwa mtoto wa kilimani kinabaki kuwa somo la kwenye ubao. Hakisikii nyumbani, hukisikia redioni, au sokoni pale mchuuzi anapotaka kuonekana ametoka mjini. Muyinga ni tofauti. Kule kuna mpaka wa Kobero, malori ya kutoka Tanzania, Waislamu wengi na watoto wanaojua kupatana bei kwa Kiswahili kabla hawajajua kukiandika. Mwalimu wa Muyinga ana kazi ya kusahihisha, na mwalimu wa Makebuko ana kazi ya kuwapa watoto sababu ya kufungua midomo.

Mtoto hafungui mdomo kwa sababu ya orodha ya ngeli. Hufungua mdomo akitaka kujua kama yule msichana aliyeingia msituni atatoka. Hofu ndogo, inayojulikana kuwa ni ya uongo, humfanya asikilize kila silabi, kwa maana silabi moja ikimpita huenda ndiyo iliyosema zimwi liko wapi.

Mambo ya kuacha

Tuanze na mafuvu. Mwalimu anayechukua picha ya sikukuu ya Wamexico kutoka kwenye intaneti na kuibandika ukutani pa darasa la Gitega anapaswa kujua amebandika nini. Tarehe 21 Oktoba ni siku ya kumbukumbu ya Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa mwaka 1993. Katika machafuko yaliyofuata mauaji hayo, wanafunzi wa Kibimba, tarafani Giheta, walichomwa moto ndani ya jengo la kituo cha mafuta, na mnara wa kumbukumbu yao uko kando ya barabara ya Gitega kuelekea Bujumbura. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mabaki ya maelfu ya watu karibu na mto Ruvubu, katika uliokuwa mkoa wa Karuzi, na picha za mafuvu yaliyopangwa safu kwa safu zilienea nchini. Kwa Mmexico fuvu la sukari ni la babu aliyekufa kwa uzee na sasa anarudi kula na jamaa zake. Kwetu fuvu linaweza kuwa la babu ambaye kaburi lake halijajulikana. Hatudhani mwalimu wa lugha ana haki ya kulifanya kifaa cha kuhesabia moja hadi kumi.

Jambo la pili ni mchawi. Picha za Halloween zimejaa kikongwe mwenye pua ya mdoano, kofia ndefu na fagio. Katika vilima vyetu shutuma za uchawi ni jambo zito, na mara nyingi humwangukia mtu mzee asiye na wa kumtetea. Mtoto aliyefundishwa Jumatatu kwamba "mchawi" ni bibi kizee aliyepinda mgongo atakutana na bibi kizee aliyepinda mgongo Jumanne, njiani kwenda kuchota maji. Kwa sababu inayofanana na hiyo, hatuwapaki watoto majivu meupe usoni ili wawe mizuka. Mwaka 2008 watu wenye ualbino waliuawa katika uliokuwa mkoa wa Ruyigi, jirani kabisa na Gitega, na kesi ya washtakiwa ilisikilizwa Ruyigi mwaka 2009. Neno "zeruzeru" bado limo katika baadhi ya kamusi zilizo makabatini mwetu. Mwalimu asilitumie kwa mtu wala kwa mzuka.

Majini nayo tunayaacha, hasa Muyinga. Kwa mtoto wa Kiislamu jini si kiumbe wa hadithi, limetajwa katika dini yake. Vilevile tunaacha uvumi wa siku hizi, wa mtu anayeteka watoto au wa gari jeusi. Wasomaji wetu watakumbuka habari za Popobawa huko Pemba na Unguja mwaka 1995, ambapo watu wazima walilala nje ya nyumba zao kwa makundi. Kisa kinachomfanya mtu mzima ahame kitanda hakifai kufunzia umbo la kukanusha la vitenzi.

Na boga? Boga tunalila. Kulichonga na kutupa nyama yake mbele ya watoto ambao baadhi yao hawatakula hadi jioni ni somo ambalo hatutaki kulitoa.

Zimwi na igisizimwe

Baada ya kuyatoa hayo yote, amebaki mmoja, naye anatutosha. Kirundi kina igisizimwe, lile jitu la hadithini linalomeza watu na mifugo. Kiswahili kina zimwi. Mtoto akiyasikia maneno hayo mawili kwa pamoja huona mara moja kwamba ni ndugu, kama anavyoona udugu wa umuzimu na mzimu, imfyisi na fisi, amenyo na meno, amaso na macho. Tumeona mara nyingi kwamba dakika hii ya utambuzi hufanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa Kiswahili. Lugha iliyokuwa ya mbali inageuka kuwa ya binamu.

Zaidi ya hayo, zimwi lina sifa ambayo fuvu na mchawi hawana: hushindwa. Ni kubwa, lina njaa, lakini ni jinga. Hadithi humalizika likiwa limekufa, limekimbia au limepasuliwa tumbo na watu wote wakatoka wazima. Mtoto anajua hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana anathubutu kuogopa.

Sasa kwa upande wa sarufi, hapa ndipo kuna utajiri ambao vitabu vyetu vya kiada huupita haraka. Zimwi liko katika ngeli ya LI-YA na linabaki huko, ijapokuwa lina uhai: zimwi limekuja, mazimwi yamekuja. Hali hii inafungua mlango wa ukubwa na udogo wa nomino. Kila kilicho cha zimwi ni kikubwa. Mtu ana mdomo, zimwi lina domo. Mtu ana nyumba, zimwi lina jumba. Mtoto amebeba kikapu, zimwi limebeba kapu. Mtu ana kisu, zimwi lina jisu. Akipita nyoka uani kwa zimwi, bila shaka ni joka.

Mtoto wa Makebuko atakwama mahali mahususi, na mwalimu aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa hawezi kupahisi. Katika Kirundi kiambishi cha iki- huweza kukuza na kubeza: umugabo ni mwanamume, ikigabo ni pande la mwanamume. Anayetaka kudogosha hutumia aka-: akagabo. Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Ki- yetu hudogosha: mtoto, kitoto, jitu, kijitu. Kwa hiyo mtoto akisikia "kijitu" sikio lake la Kirundi humwambia ni kitu kikubwa cha kuogofya. Tunashauri mwalimu asianze kueleza. Awape watoto mkaa na kipande cha boksi, aseme, "Chora jitu," kisha, "Pembeni yake chora kijitu." Michoro itamwonyesha nani ameelewa, bila mtihani na bila aibu. Katika darasa moja la mwaka wa nne tuliona vijitu vingi vikubwa kuliko majitu yenyewe, hata kimoja kilichojaza boksi zima na kumwacha jitu maskini pembeni kama chungu. Hapo maelezo ya dakika tatu yalitosha, kwa kuwa swali lilikwisha kuwa la watoto wenyewe.

Bado halijafika

Umbo linalofaidika kuliko yote na hofu ni lile la -ja- katika kukanusha. Mwalimu wa kawaida huandika ubaoni "nimefika, sijafika" na watoto hunakili. Lakini hebu mwalimu asimame nje ya mlango, au amtume mwanafunzi mmoja awe zimwi nje, na watoto wafumbe macho. Mwalimu anauliza kwa sauti ya chini, "Zimwi limefika mtoni?" Watoto: "Bado, halijafika." Hatua zinasikika. "Limefika kwenye mgomba?" "Bado, halijafika." Hatua tena. "Limefika mlangoni?" Hapo sauti hutetemeka, wengine hucheka, lakini umbo hutoka sawasawa, kwani anayesema vibaya anawaharibia wenzake. Baada ya mara kumi hakuna asiyelijua. Kirundi nacho kina namna yake ya kusema kwamba jambo bado halijatukia ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo wazo si geni. Ni Kifaransa, kinachohitaji maneno mengine ya kando, kinachowachelewesha wale waliozoea kutafsiri kutoka huko.

Mchezo wa pili ni wa uani. Mmoja ni zimwi, amewapa wenzake mgongo. Wanamwuliza, "Zimwi, zimwi, ni saa ngapi?" Akijibu "saa mbili za asubuhi" wanasogea hatua mbili, akijibu "saa tano" wanasogea tano, hadi atakaposema "saa sita za usiku!" na kuwakimbiza. Kirundi na Kiswahili huhesabu saa kwa namna moja, tangu macheo na machweo, basi hapa hakuna cha kuchanganya ila kwa mwalimu mwenyewe anayetazama saa yake kwa Kifaransa.

Matamshi nayo yapate nafasi yake. Kirundi hakina sauti ya l kama tunavyoitamka katika Kiswahili, na watoto wengi husema "kurara" kwa "kulala". Tunawapa zimwi linalonguruma, "Nataka kula!" Anayekosea anasema, "Nataka kura!" Tuliwahi kuwaeleza watoto kwamba zimwi la namna hiyo halitaki kumla mtu, linataka kuchaguliwa. Walicheka sana, na walimu waliokuwa nyuma ya darasa walicheka zaidi, kwa sababu zao.

Msichana ndani ya ngoma

Hadithi tunayoipendekeza kwa wiki yenyewe ni ile inayojulikana kwa sura nyingi katika Afrika Mashariki, ya msichana aliyetiwa ngomani. Anakwenda na wenzake, anasahau kitu chake, anarudi peke yake kukichukua, naye zimwi limekalia pale pale. Linamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini. Kila linapopiga, msichana huimba, na watu hulipa chakula wakidhani ni ngoma ya ajabu. Linafika kwao bila kujua. Wazazi wanaitambua sauti, wanalilewesha kwa pombe, wanamtoa mtoto na kutia nyuki mahali pake. Linalofuata watoto hulijua kabla hatujalisema.

Pwani husimulia kwamba kilichosahauliwa ni kombe la baharini. Makebuko haina bahari. Tunasema ushanga, na tunasema mto. Kuhusu ngoma, watoto wa Gitega hawahitaji maelezo, kwa kuwa Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme, pako huko huko Giheta, na ngoma ya kifalme ya Burundi imo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2014. Hata hivyo darasani tunatumia debe au bidoni tupu. Maonyesho ya ngoma zile yana amri yake ya mwaka 2017, inayotaka kibali na inayowaruhusu wanaume pekee kuzipiga, na zimwi letu mara nyingi ni msichana.

Wimbo wa msichana watoto wautunge wenyewe, wa mistari miwili tu, wenye -ni ya mahali: "Mama, baba, mko wapi? Niko gizani, ngomani." Darasa likitoa "niko msituni, kapuni, tumboni", mahali pamekwisha kufundishwa.

Ufunguzi usisahaulike. Vitendawili vya Kirundi huanza kwa "Sokwe!" na jibu "Niruze!" Vya Kiswahili huanza kwa "Kitendawili!" na jibu "Tega!" Hadithi huanza kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" Tunaanza kwa Kirundi, kisha tunavuka. Mtoto akija kujua kwamba sokwe wa Kiswahili ni mnyama wa porini, ataicheka bahati hiyo maisha yake yote.

Wasimulizi ambao hawakutarajiwa

Tangu mwaka 2017 wakimbizi wamekuwa wakirejea kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, mkoani Kigoma. Muyinga imewapokea wengi, na Makebuko nayo ina watoto wa namna hiyo darasani. Wengi wao wanazungumza Kiswahili kwa ufasaha unaowazidi baadhi ya walimu, lakini ni Kiswahili kinachochekwa, kinachoitwa cha kambini, na wenyewe hukificha. Tumeona mtoto aliyekaa muhula mzima bila kunyoosha mkono, akiwa ndiye pekee darasani anayeweza kuisimulia hadithi ya zimwi tangu paukwa hadi nyuki bila kutafuta neno. Mwalimu wake alikuwa amemwandika kuwa dhaifu, kwa sababu alama zake za Kifaransa zilikuwa dhaifu.

Tunapendekeza kazi ya kusimulia wapewe hao kwanza, bila kutaja wametoka wapi. Asiulizwe hadithi aliisikia wapi. Wengine waliisikia usiku hemani, kutoka kwa mtu ambaye hakurudi nao. Akitaka kusema atasema. Akisema "zimwi alikuja" badala ya "lilikuja", hadithi isikatizwe. Mwalimu airudie sentensi yake baadaye kwa umbo sanifu, kwa sauti ya msikilizaji aliyevutiwa.

Na mtoto anayeogopa kweli? Yupo karibu katika kila darasa, na si lazima awe mdogo kuliko wengine. Tunawapa wote neno la kulizima zimwi kabla ya kuanza: "Toweka!" Mtoto yeyote akilitamka, mchezo unasimama, madirisha yanafunguliwa, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Watoto wachache sana hulitumia. Mwalimu amkumbuke aliyelitumia mara mbili, aongee na mlezi wake, na wiki inayofuata ampe kazi ya kupiga debe au kutia nyuki.

Wazazi wapewe taarifa mapema, kwani mtoto atakayefika nyumbani akinguruma kwa lugha ngeni wiki ya Marehemu Wote atazua maswali, na katika makanisa kadhaa atazua mahubiri. Kikao kimoja cha wazazi kinatosha. Mwalimu asizungumzie mbinu za ufundishaji. Aseme tu kwamba watoto wanafundishwa umugani kwa Kiswahili, kisha amwombe mzee mmoja aliyehudhuria ausimulie wa kwake wa igisizimwe kwa Kirundi. Watoto wa mwaka wa tano wakae karibu naye na kuugeuza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa zamu. Vinyago vya maganda makavu ya mgomba vitengenezwe siku mbili tu kabla, kwa maana mvua ya Novemba huvilowesha, na gundi ya unga wa muhogo huwaita panya.